Wimbo Uupendao Wakufanya Nini?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema zamthubutikia Mwenyezi Mungu, aliyempa mwanadamu masikio, macho na moyo, kisha akatujulisha katika Sura ya Al-Israa kwamba vyote vitatu vitaulizwa. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na Masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema.

Ama baada ya hayo. Enyi ndugu zetu Waislamu wa Mwea, na wa Sagana, Kerugoya, Karatina, Embu na Nyeri! Katika darsa yetu twaulizwa mara nyingi suala hili: je, nyimbo ni halali au ni haramu? Na aghalabu mwenye kuuliza hutaka jawabu la neno moja, apate kwenda zake. Akiambiwa ni halali, hufungua redio yake. Akiambiwa ni haramu, huifungua vile vile, ila kwa sauti ndogo. Basi suala limekwisha, na mtu ni yule yule.

Sisi twaona kwamba liko suala jingine, ambalo watu hawaliulizi, nalo lina faida kubwa zaidi kwa nafsi zetu: wimbo ule uupendao wewe, unaourudia ukiwa peke yako, wakuacha katika hali gani unapokwisha?

Katika hukumu ya nyimbo wanavyuoni wamekhitilafiana tangu zamani, wala si uaminifu kuwaficha watu khitilafu hiyo. Wako walioshika maneno ya Ibn Mas'ud (R.A.) katika kufasiri aya ya 6 ya Sura ya Luqman, wakaharimisha. Wako walioitazama Hadithi ya wasichana wawili waliokuwa wakiimba siku ya Idi nyumbani kwa Bibi Aisha (R.A.), Sayyidna Abubakar akawakemea, na Mtume (S.A.W.) akamwambia awaache, kwani ilikuwa siku ya Idi. Ibn Hazm wa Andalusi hakuiona sahihi hata moja katika Hadithi za kuharimisha ala. Na wengi wengine hawakukubaliana naye. Lakini wote hao, waliokataza na walioruhusu, wamekubaliana juu ya jambo moja: kwamba wimbo una nguvu juu ya moyo wa mwanadamu. Aliyekataza alikataza kwa sababu ya nguvu hiyo, na aliyeruhusu aliweka masharti kwa sababu hiyo hiyo.

Tazameni neno letu wenyewe la "taarab". Asili yake ni Kiarabu, nayo maana yake ni kule kutikisika kwa moyo, kwa furaha au kwa huzuni. Wazee wetu hawakuupa muziki ule jina la udi wala la fidla. Waliupa jina la lile linalompata msikilizaji. Siti binti Saad alipopelekwa Bombay mwaka 1928 kutia sauti yake katika santuri, watu wa pwani hawakununua santuri zile kwa ajili ya kuona mashine ikizunguka. Walinunua huko kutikisika.

Na kabla ya santuri, alikuwako Anjasha, mchunga ngamia wa safari ya Mtume (S.A.W.), aliyekuwa na sauti nzuri. Alipoimba, ngamia walikwenda mbio, na juu yao wamepanda wanawake. Mtume hakumnyamazisha, alimwambia awaendeshe pole pole, akawafananisha wanawake wale na vyombo vya kioo. Wafafanuzi wengine wamesema aliogopa wasianguke. Wengine wamesema aliogopea nyoyo zao kwa sauti ile. Kwa tafsiri zote mbili funzo ni moja: mwenye kupeleka sauti katika masikio ya watu amebeba kitu chepesi kuvunjika.

Waganga wa Kiislamu nao walilijua hili. Katika mji wa Edirne, huko Uturuki, Sultani Bayezid wa Pili alijenga hospitali iliyomalizika mwaka 1488, na humo wagonjwa wa akili walitibiwa pia kwa sauti za muziki. Basi kama wimbo ni dawa, nani katika sisi humeza dawa bila ya kujua kipimo, wala ugonjwa wenyewe, eti kwa kuwa ni tamu?

Imamu Ghazali, aliyekufa mwaka 1111, ameeleza jambo hili katika kitabu chake cha Ihyaa, na maana ya maelezo yake ni kwamba wimbo hauumbi kitu kipya ndani ya moyo. Huamsha kile kilichomo. Ndugu zetu wa Mwea hawana haja ya kwenda mbali kulifahamu neno hili. Tazameni majaruba yenu. Maji ya mto Thiba na ya Nyamindi hupita katika mifereji, yakaingia shambani. Maji ni yale yale: hunywesha mpunga, na hunywesha magugu. Maji hayakuyaleta magugu. Lakini mkulima akiacha lango la mfereji wazi usiku na mchana, wala asipalilie, asishangae wakati wa mavuno. Na akilifunga lango moja kwa moja, mpunga nao hufa. Kazi ya mkulima ni kujua nini kimeota, na kiasi gani cha maji, na kwa muda gani.

Nchi hii ya Mwea ina ushahidi mwingine. Mifereji ya kwanza ya mradi huu ilichimbwa katika miaka ya 1950 kwa mikono ya watu waliofungwa katika kambi za kizuizini, baada ya Hali ya Hatari kutangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Katika miaka hiyo watu wa mlimani walitunga nyimbo za kudai ardhi na uhuru, wakazitia katika sauti za nyimbo za kanisa. Mpita njia asiyejua Kikuyu alidhani watu wamo katika ibada. Kumbe wanatiana moyo wa kupigania ardhi yao. Serikali ya kikoloni ilipotambua, ikavipiga marufuku vitabu vya nyimbo hizo. Serikali yenye bunduki na ndege iliogopa nyimbo! Je, lile lililoogopwa na dola, mtu mmoja aseme halimfanyi kitu? Na sauti ilikuwa moja, maneno mbali mbali. Huyu ikampeleka kwenye sala yake, na yule kwenye kiapo chake. Kwa hiyo haitoshi kusema, "Mimi napenda sauti tu, maneno siyasikilizi." Maneno huingia pamoja na sauti, kama mbegu ya gugu iingiavyo pamoja na maji.

Joseph Kamaru, mwimbaji mashuhuri wa Murang'a aliyekufa mwaka 2018, aliimba miaka mingi juu ya mapenzi, mila na siasa, na alimwombolezea J. M. Kariuki aliyeuawa mwaka 1975. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1990 akaacha nyimbo za dunia, akageukia za kanisa lake. Dini yake si yetu. Lakini aliyeishi na nyimbo kuliko sisi sote alitambua kwamba si mchezo, na kwamba mtu ana haki ya kuuliza anawapa watu nini.

Sasa natuitazame hali yetu. Mchukueni kijana wa Wang'uru, aliyeachwa na mchumba, au aliyekosa kazi. Zamani wimbo wa majonzi ulikuwa na mwisho wake: mwimbaji alichoka, watu wakaenda makwao, na aliyelia alilia mbele ya wenziwe, akafutwa machozi. Leo wimbo uko mfukoni. Kijana hutia visikizi masikioni saa nne ya usiku, akausikiliza mara moja, na mara ya pili, na mara ya ishirini. Na simu yenyewe, ikiisha kuijua tabia yake, humletea mwingine ulio ndugu wa ule wa kwanza. Mara ya kwanza wimbo ulimpa faraja, kwani alipata mtu wa kulisema lile aliloshindwa kulisema. Hilo hatulikanushi. Lakini mara ya ishirini si faraja tena; amekuwa kama mtu achokoaye kidonda ili aone kama kimepona. Sala ya Alfajiri imempita, mama yake amesema naye asimjibu, na huzuni ya siku tatu imekuwa ya miezi mitatu. Na wapo ambao huzuni ya namna hiyo imewafikisha mahali pa kuichukia roho zao, Mungu atuepushe.

Mchukueni na mwingine, aliyeuza mpunga wake wa mavuno ya mwisho wa mwaka. Fedha i mfukoni, na mtaani wapigwa mugithi katika baa. Yeye asema, "Mimi sinywi, nasikiliza gitaa tu." Wimbo wamtukuza mwenye kutumia, moyo wafunguka, na mkono nao wafunguka. Kufika asubuhi karo ya watoto imepungua.

Na mchukueni mama apandikizaye miche, maji yamemfika magotini, mgongo umemuuma tangu asubuhi, naye aimba pamoja na wenziwe mpaka jaruba limekwisha. Au watoto wafukuzao ndege waharibifu, wakipiga madebe na kupaza sauti ili wasilale. Hawa wimbo umewasaidia katika kazi ya halali, na ukisha wamebaki na nguvu na udugu. Masahaba nao waliimba walipokuwa wakichimba handaki la Madina, na Mtume (S.A.W.) akiitikia pamoja nao.

Basi kila mmoja wetu na aupime wimbo aupendao kwa mambo manne. La kwanza: maneno yake, lau yatasomwa bila ya ala wala sauti tamu, wewe utaweza kuyasema mbele ya mama yako na binti yako? La pili: saa moja baada ya wimbo kwisha, u mpole zaidi kwa watu wa nyumbani mwako, au u mkali na mzito? La tatu: umechukua nafasi ya nini? Sala, usingizi, kazi, au mazungumzo na mtu anayekuhitaji? La nne: waweza kukaa siku tatu bila yake? Usipoweza, jua kwamba si wewe unayeufungua. Ni wao unaokufunga. Atakayejijibu kweli hatahitaji mtu wa kumwambia wimbo upi auache.

Lakini hapa twataka kusema neno na wazee na walimu, kwani lawama yote haiwezi kuangukia vijana. Baba humnyang'anya mwanawe simu, akamwambia, "Soma Qur'ani!" Kijana asoma, wala hajui neno hata moja la anachokisoma. Wimbo wasema naye kwa Kikuyu na Kiswahili, wamwambia, "Najua umeumia". Dini yake yasema naye kwa lugha asiyoifahamu, na kwa fimbo. Mwastaajabu nini moyo wake ukienda huko? Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza kuchapisha gazeti lake la Al-Islah mjini Mombasa mwaka 1932, ili Waislamu waelezwe dini yao kwa lugha waifahamuyo. Sheikh Abdullah Saleh Farsy akatutolea tafsiri ya Qur'ani nzima kwa Kiswahili mwaka 1969. Vitabu vipo. Lakini katika nyumba ngapi za Waislamu hapa mlimani vyafunguliwa?

Kijana mwenye huzuni na asomewe, kwa lugha yake, kisa cha Nabii Yaakub (A.S.), aliyelia mpaka macho yake yakapofuka, wala Mwenyezi Mungu hakumwita mpungufu wa imani, alimshitakia Mola wake huzuni yake, na siku moja ikamjia harufu ya kanzu ya mwanawe. Na asomewe Sura ya Adh-Dhuhaa, iliyoteremka wakati Mtume mwenyewe alipodhaniwa kuwa ameachwa na Mola wake. Hapo atafahamu maana ya ile aya ya 28 ya Sura ya Ar-Raad, kwamba nyoyo hutulia kwa kumkumbuka Mwenyezi Mungu. Kwani hawezi mtu kutulizwa na neno asilolijua.

Na sauti nzuri si adui wa dini. Mtume (S.A.W.) alimsikia Abu Musa Al-Ash'ari akisoma, akamsifu kwamba amepewa sauti mfano wa zile za jamaa ya Nabii Daud. Basi na tuwatafute miongoni mwa watoto wetu wenye sauti nzuri, tuwafundishe kusoma na kuelewa, nao watusomee jioni majumbani mwetu.

Tena liko jambo jepesi kuliko yote, nalo ni sauti ya baba na mama. Nyumba ambayo haina sauti ya upole ila ile itokayo katika simu, hiyo imemkabidhi mtoto kwa mwimbaji asiyemjua hata jina. Enyi wazazi, msiyafunge maji mbele ya shamba kavu! Semeni na watoto wenu. Waulizeni wimbo waupendao, na muusikilize pamoja nao mpaka mwisho, kabla ya kuuhukumu. Kwani wimbo umpendezao mtoto ni barua aliyokuandikia wewe, naye hana namna nyingine ya kuipeleka.

Twamwomba Mwenyezi Mungu ayahifadhi masikio yetu, azitulize nyoyo zetu, na atujaalie katika wale wasikiao maneno wakayafuata yaliyo mema zaidi. Amin.

Wabillahit tawfiq.