Mwendeshaji Anaporudi Kuwa Mchezaji: Tafakuri juu ya Ujuzi na Kutojua

Katika uhakiki wa fasihi simulizi tumezoea kumtenga fanani na hadhira yake, kisha papo hapo tukakiri kwamba mpaka baina yao huvukwa kila mara. Mtambaji huitikiwa, huulizwa, hukatizwa, na pengine husahihishwa na msikilizaji anayeifahamu ngano ile kuliko yeye. Lakini mtu aliyekwisha kuwa fanani anaporudi kuketi upande wa hadhira, je, anadaiwa nini? Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kuutazama mchezo ambao haukuzaliwa kwetu, ila unaliweka wazi kuliko ngano zenyewe: mchezo wa uhusika, unaochezwa mezani kwa maneno, karatasi na dadu.

Mchezo ulio maarufu zaidi wa aina hii, Dungeons & Dragons, ulitungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa Marekani mwaka 1974. Kila mchezaji huwa na mhusika mmoja ambaye humsemea na kumwamulia mambo. Mmoja kati yao, ambaye hapa tutamwita mwendeshaji, hana mhusika wa namna hiyo. Yeye huubuni ulimwengu, huwasemea wakazi wake wote, tangu mfalme hadi muuza pombe, na hutoa hukumu pale ambapo kanuni zimenyamaza. Anajua kilichojificha nyuma ya mlango. Wachezaji hawajui, na sehemu kubwa ya ladha ya mchezo imejengwa juu ya kutojua huko. Mgawanyo huu uliingizwa hata katika uchapishaji. Kitabu cha wachezaji kilipotolewa mwaka 1978, majedwali ya kuamua iwapo pigo limempata adui hayakuwamo. Yalikuja katika kitabu cha mwendeshaji cha mwaka 1979, ambacho Gygax, katika dibaji, anakifanya kuwa kama mwiko kwa mchezaji wa kawaida.

Hata hivyo vyeo hivi havimgandi mtu. Gygax mwenyewe, aliyeuendesha ulimwengu wake wa Greyhawk, alikuwa pia na mhusika wake, mchawi aitwaye Mordenkainen, na alimcheza chini ya uendeshaji wa Robert Kuntz, kijana ambaye awali alikuwa mmoja wa wachezaji wake. Mtunga sheria aliketi kuhukumiwa kwa sheria zake na mtu aliyejifunza mezani pake.

Tatizo la kwanza linaloonekana ni la ujuzi. Katika mchezo huu mna zimwi liitwalo troll, ambalo majeraha yake hujifunga yenyewe. Haliangamii ila kwa moto au tindikali. Mtu aliyewahi kuendesha mchezo analijua hilo kama ajuavyo jina lake. Tuseme sasa anarudi kuwa mchezaji, na mhusika wake ni mkulima aliyetoka kijijini jana, asiyewahi kuona zimwi la aina yoyote. Zimwi linatokea. Je, aukimbilie mwenge? Jibu la kawaida ni kwamba autenge ujuzi wake na ujuzi wa mhusika, amwache mkulima apige kwa jembe. Jibu hili lina heshima yake, lakini halisimami imara. Anayejua habari ya moto kisha akauepuka makusudi bado anaongozwa na ujuzi uleule, kinyumenyume. Apige mapigo mangapi ya jembe kabla ya kuruhusiwa kubahatisha moto? Mawili? Matano? Mtu asiyejua kweli angeweza kurusha mwenge kwanza kwa hofu tu. Kutojua hakuigiziki kwa hesabu.

Hapa mchezo huu unaachana na kitendawili. Anayetegewa kitendawili anachokijua hana sababu ya kujikunja: hukitegua, na zamu ya kutega ikamjia, asiyejua hutoa mji na mambo yakaendelea. Vitendawili vingi, kwa kweli, hutegwa miongoni mwa watu wanaovijua tayari, na raha haipungui. Ujuzi pale ni mali ya wote. Katika mchezo wa uhusika ujuzi umewekwa amana kwa mmoja, kwa hiyo anayerudi mezani anarudi na kitu ambacho si chake tena.

Lakini kosa ambalo tunaliona kuwa zito zaidi ni lile linalosifiwa. Mwendeshaji wa zamani mwenye adabu hamkosoi mwenziwe wala hawapokonyi wengine nafasi ya kusema. Anasaidia. Anaona mapema mwendeshaji mpya anataka kisa kielekee wapi, naye anamsukuma mhusika wake huko ili mpango usiharibike. Mlango uliowekwa ili uogopwe, yeye anaufungua kwa hisani. Mchezaji mwoga akinyamaza, anambunia sababu ya kuzungumza. Wote humshukuru. Nasi twauliza: huyu anacheza? Mhusika wake hana haja yoyote, hana woga wala tamaa. Ni mkono wa pili wa uendeshaji uliovishwa kanzu ya mchezaji. Utawala wake wa jana umeendelea, ila sasa hauonekani, na hakuna mtu mezani aliyempa. Ajuaye nani anamwongoza aweza kumbishia. Wachezaji hawa hawana hata nafasi hiyo.

Yawezekana kupinga kwamba kumsaidia anayejifunza si dhambi. Hatukatai. Msaada unaotolewa waziwazi, wakati wa chai, mchezo ukiwa umesimama, ni ushauri, na mwendeshaji mpya aweza kuukataa. Ule unaopitishwa ndani ya mhusika haukataliki kwa kuwa haujatajwa.

Aristotle, katika kitabu cha tatu cha Politics, anadai kwamba raia mwema yampasa ajue kutawala na kutawaliwa pia. Anamfananisha mtawaliwa na mtengeneza filimbi, na mtawala na mpigaji wake. Mezani petu mfano huu unapinduka: mwendeshaji ndiye anayechonga filimbi, na wachezaji ndio waipulizao. Fundi aliyezoea kuchonga akipewa filimbi ya mwenziwe huichunguza matundu. Wahakiki hawana haja ya kuelezwa ugonjwa huu. Wengi wetu hatujui tena kusoma riwaya pasipo kalamu mkononi. Na mwenyekiti wa idara aliyemaliza muhula wake, akarudi kuketi kikaoni kama mhadhiri tu, aweza kuukumbuka msaada mwingi alioutoa ambao haukuombwa.

Anachodaiwa anayerudi, basi, ni kutaka kitu. Ampe mhusika wake haja iliyo ya mhusika mwenyewe, aifuate hata ikikiharibu kisa kizuri anachokiona kikija, na amwachie mwingine hukumu ya iwapo ataipata. Turudi kwa mkulima wetu. Tatizo la moto lilikuwa gumu kwa sababu tulimchukulia kana kwamba amekwenda kulishinda zimwi. Yeye amekuja kumtafuta ng'ombe wa dada yake aliyepotea, na mwenge alionao ni mmoja, na usiku unaingia. Ataurusha au hataurusha kwa sababu hizo. Anayemcheza hakusahau lolote alilolijua kuhusu troll; ana jambo jingine la kumshughulisha.

Kunasalia hali moja ngumu, nayo ni pale mwendeshaji mpya anapokosea kanuni na kosa likamwumiza mchezaji wa tatu. Hapo twaona aseme, mara moja, kwa sauti ambayo mchezaji yeyote angeitumia. Akikataliwa, arushe dadu yake zamu ikifika.