Kulinda Mali si Kuficha Mali

Katika miji yetu ya pwani, mke akitaka kutoka katika ndoa iliyozama katika madeni, maneno huwa mengi. Wako wasemao kwamba akiondoka na dhahabu yake amemkhini mumewe wakati wa shida. Na wako wamshaurio afiche kila kitu kabla wadai hawajabisha mlango. Sisi twaona kauli zote mbili zimepotoka.

Kwanza ifahamike kwamba katika sharia yetu ndoa haichanganyi mali. Mahari ya mke ni yake, urithi wake ni wake, na chumo la mkono wake ni lake. Kadhalika deni la mume ni la mume. Mwenye duka aliyemkopesha mume hana njia ya kumvua mke bangili, wala mke hatendi khiyana akizichukua siku ya kuondoka. Khiyana ni kumnyima mtu haki yake. Je, ni nani aliyenyimwa hapa?

Lakini haki hiyo ina mpaka. Mke aliyekubali kuwa mdhamini amejifunga mwenyewe. Twaijua habari ya Mtume (s.a.w.) alipoletewa maiti mwenye deni la dinari tatu: hakumsalia mpaka Abu Qatada alipojitwika deni lile. Dhamana, basi, si adabu ya kumridhisha mume mbele ya karani wa benki. Ni deni kamili. Talaka huvunja ndoa, haivunji sahihi. Kwa hivyo mwanamke aonaye yu njiani kutoka, na aulize mapema: ni karatasi zipi nilizozitia sahihi? Ni akaunti ipi yenye majina yetu sote wawili?

Jambo la pili ni dhahabu iliyouzwa ili mume apate mtaji. Ilitolewa zawadi au ilikopeshwa? Suratun-Nisaa, aya ya 4, humhalalishia mume kile tu ambacho mke amemwachia kwa moyo safi katika mahari yake. Na Suratul-Baqara, aya ya 282, iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani, yaamrisha deni liandikwe na lishuhudiwe. Wala haikuwatoa mume na mke katika amri hiyo. Sisi twaona haya kuandikiana nyumbani, kisha hatuoni haya kugombana mbele ya Kadhi.

Tatu, mahari iliyobaki katika dhima ya mume ni deni kama madeni mengine. Mume asemaye, "Nawiwa na watu, sina cha kukulipa," asisahau kwamba mkewe naye ni katika hao wanaomwia. Akiwa hana kweli, Baqara 280 yataka apewe muhula. Muhula si msamaha. Khului ya maridhiano ni halali; lakini mume amtesaye mke makusudi hata anunue uhuru wake kwa kusamehe mahari, aisome Nisaa, aya ya 19.

Sasa turejee kwa hao wanaoshauri kuficha. Mume huiandikisha nyumba kwa jina la mke ili wadai wasiifikie, na mke hukubali akidhani amejihifadhi. Huko si kujihifadhi. Ni kushirikiana kula mali za watu. Mali yake halisi na aichukue hadharani, kwa orodha na mashahidi. Afichaye ndiye mwenye kutiliwa shaka, hata katika kilicho chake.

Nchini Kenya mlango wa kudai haki hizi uko wazi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170, yazipa Mahakama za Kadhi kesi za ndoa, talaka na urithi za Waislamu waliokubali kuhukumiwa huko. Na sheria ya mali ya ndoa ya mwaka 2013 yamruhusu Mwislamu kufuata sharia ya Kiislamu katika mali hiyo.

Basi nyinyi wazee mnaoitwa kusuluhisha, msiishie kuuliza nani aliyemkosea mwenzake. Ulizeni pia nani anamwia nani, na liandikwe kabla talaka haijatamkwa. Mwanamke asiondoke na mali ya mtu, wala asiache yake nyuma kwa kuona haya.