Mwenye Mji Aliyeuacha Mji

Julai 1636, kando ya mto Connecticut, wakuu wa watu wa Agawam walitia alama zao kwenye hati ya Mwingereza William Pynchon. Malipo yalikuwa makoti 18, vishoka 18, majembe 18, visu 18 na pima 18 za shanga za kombe. Hati hiyohiyo iliwaachia wauzaji mashamba waliyokwisha kuyapanda, pamoja na ruhusa ya kuvua samaki, kuwinda kulungu na kuokota kokwa za porini.

Aliyeuza ardhi lakini akabaki na mashamba yake, mto wake na mawindo yake, ameuza nini hasa? Mimi naamini wakuu wale walidhani wanamkaribisha jirani. Mwaka 1675 Waagawam waliuchoma moto mji uliosimama hapo, na sioni namna ya kuusoma moto ule bila kuikumbuka hati ile.

Mji huo ni Springfield, Massachusetts, uliopewa jina la kijiji cha Pynchon huko Essex. Yeye ndiye aliyekuwa mfanyabiashara wake mkuu wa ngozi za biva, na yeye ndiye aliyekuwa hakimu wake. Mtu wa namna hii tungesema amefika.

Kisha mwaka 1650 kikaja kitabu chake. Humo alikana kwamba Kristo alibeba ghadhabu ya Mungu na mateso ya jehanamu ili kutukomboa. Kilichokomboa, alisema, ni utii wake. Mahakama kuu ya koloni iliamuru kitabu kichomwe hadharani sokoni Boston. Hakimu akawa mshtakiwa. Alipofika mbele ya mahakama hiyo alilegeza baadhi ya maneno, na simlaumu: alikuwa mzee, mwenye watoto na wajukuu katika koloni lile.

Lakini mwaka 1652 alirudi Uingereza, mali ya Springfield akaiacha mikononi mwa mwanawe John. Ardhi ile ingeweza kumfunga mdomo kwa hofu ya kuipoteza, kama inavyowafunga wengi hadi leo. Yeye aliiachilia kwa mtoto, akaenda mahali ambapo angeweza kusema. John aliongeza mashamba, akawa mtu mwenye nguvu kuliko wote katika bonde lile. Baba yake alishika tena kalamu, na mwaka 1655 akachapisha kitabu kingine kuitetea hoja ileile iliyochomwa Boston.