Stoo ya Jirani

Katika wiki ya tatu ya Machi 2020, chini ya kitanda changu palikuwa na mabeli 4 ya unga wa sima, kila beli lina pakiti 12 za kilo 2. Kando ya kabati nilisimamisha magunia 2 ya mchele, na jikoni nilikuwa na mtungi wa mafuta wa lita 20, sukari kilo 10 na katoni ya sabuni. Nyumbani tulikuwa watu wawili, mimi na mjukuu wangu wa kike.

Nalitanguliza hili kwa sababu mimi ni mwalimu. Kwa zaidi ya miaka 20 nimesomesha hadithi darasa la wanawake hapa Mji wa Kale, Mombasa, kila Jumatano baada ya alasiri, na mlango wa biashara nimeupitia mara nyingi. Humo imo hadithi aliyoipokea Imamu Muslim kutoka kwa Maamar bin Abdillahi, kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alimhesabu anayehodhi kuwa ni mtu wa makosa. Ni maneno machache mno. Nilikuwa nikiyafafanua kwa mfano wa mlanguzi anayefungia mahindi ghalani mpaka bei ipande. Sikuwahi kutoa mfano wa bibi mwenye kitanda.

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa Ijumaa, tarehe 13. Jumapili likaja tangazo la kufunga shule. Jumatatu asubuhi nikawa dukani. Watu walikuwa wengi na hakuna aliyekuwa akisalimiana. Mwenye duka alimjua marehemu mume wangu, akanivuta pembeni, akaniambia, “Mama, usihangaike na rafu. Nyuma kuna mzigo ambao sijautoa. Sema unachotaka, nitakuletea mpaka nyumbani, maana kesho hutapata.” Nikalipa. Njiani nilihisi nimeheshimiwa. Mzigo ulifika adhuhuri nikiwa kwenye sala, mjukuu wangu akaupokea.

Jioni ile ile nilikuwa nimekaa karibu na mlango, tasbihi mkononi. Ngazi za nyumba yetu ni za mbao na kila anayepita husikika. Mtoto wa jirani yangu wa chini alipanda mbio mpaka darini, mamake alikokuwa akianua nguo. Nikamsikia akisema, “Mama, hakuna unga. Kasema umekwisha.” Mamake akamuuliza kama amekwenda na kwa Mwarabu wa kona. Akasema kote hakuna. Walipita mlangoni kwangu wakishuka. Sikufungua.

Yule mama hupika kaimati na viazi vya karai na kuviuza jioni. Mumewe ni hamali. Wana watoto wanne, na unga wao hununuliwa pakiti moja kwa siku, pengine nusu pakiti ya kupima, mafuta ya shilingi kadhaa, chumvi ya kufungiwa kwenye karatasi. Miaka yote nilikuwa nikiwaona kama watu wasio na akiba. Usiku ule, pale pale mlangoni, nilitambua kwamba nilikuwa nimekosea. Akiba yao ilikuwepo. Ilikuwa dukani. Mtu anayenunua kwa kupima ana stoo kama mimi, ila stoo yake inakaa kwa muuzaji, naye huiendea kila magharibi akijua haitahama. Basi mimi Jumatatu ile niliingia katika stoo ya jirani yangu, nikaikomba, na nikalipa kwa hundi ya heshima ya mume wangu.

Wapo watakaosema nimejihukumu kwa ukali, na hoja yao ina uzito. Mwanangu aliyeko Nairobi alinipigia akanikumbusha kwamba nina ugonjwa wa sukari na umri umekwenda, na kwamba madaktari wanawataka wazee wasitoke. Alisema nikiwa na chakula ndani sitasimama kwenye foleni, sitaambukizwa wala sitamwambukiza mtu, na kwamba huo nao ni wajibu kwa jamii. Ni kweli. Tena dini haikukataza kuweka. Katika mkusanyo wa hadithi wa Bukhari, Umar anasimulia kwamba kutokana na mitende ya Bani Nadhir Mtume aliwawekea watu wa nyumbani kwake chakula cha mwaka mzima. Nabii Yusuf aliweka nafaka miaka saba, tena ikiwa katika mashuke yake ili isiharibike. Hata Said bin Musayyab, aliyeipokea ile hadithi kwa Maamar, aliambiwa waziwazi kwamba mbona yeye mwenyewe huhodhi, akajibu kwamba Maamar naye alikuwa akihodhi. Wanafunzi wangu hushtuka kila tukifika hapo. Wanazuoni wameeleza kwamba walichoweka wale wawili hakikuwa chakula ambacho watu walikitegemea. Wengi wanasema kilikuwa mafuta, na wakati wenyewe haukuwa wa dhiki.

Na hapo ndipo niliposhikwa. Mafakihi wamebishana sana ni vitu gani vinaingia katika ihtikari, yaani kuhodhi. Wako waliosema ni chakula tu, cha watu na cha wanyama, na wako kama Abu Yusuf waliosema ni kila kitu ambacho kukizuia kunawadhuru watu. Siku zile za barakoa na sanitaiza, mimi naona Abu Yusuf ndiye aliyetusemea. Lakini sikupata hata mmoja aliyeuacha wakati nje ya hesabu. Nabii Yusuf aliweka katika miaka ya neema, nafaka ilipokuwa imejaa hata hakuna aliyeikosa. Mimi niliweka katika wiki ya hofu, kila pakiti niliyoichukua ikiwa na mtu anayeitafuta. Ningenunua pakiti mbili mbili tangu Januari, ningefika Machi na unga ule ule na hakuna mtoto angerudi mikono mitupu.

Na liko jingine, nalo ndilo lililonikosesha usingizi. Yule yule Mtume aliyeweka chakula cha mwaka, mkewe Aisha anatueleza kwamba alifariki deraya yake ikiwa rehani kwa Yahudi mmoja, kwa pishi 30 za shayiri. Itakuwaje mwenye chakula cha mwaka akope shayiri? Wako wanaosherehesha hadithi hizi mbili wanaozipatanisha hivi: aliweka, kisha wageni wakaja, wahitaji wakaja, kikatoka chote kabla mwaka haujaisha. Ilikuwa ni stoo yenye mlango. Ya kwangu ilikuwa chini ya kitanda, na shuka nimeiteremsha mpaka sakafuni ili isionekane. Nani aliniambia niiteremshe? Hakuna aliyenifundisha. Mkono ulijua lile ambalo ulimi ulikuwa ukilikataa.

Tarehe 27 Machi ikaanza kafyu, saa 1 jioni hadi saa 11 alfajiri. Muuza kaimati wa jioni alikuwa hana tena jioni. Ramadhani ikaingia mwishoni mwa Aprili, misikiti imefungwa, tarawehe tunasali majumbani. Kisha Mei 6 serikali ikaufunga Mji wa Kale wenyewe, haingii mtu wala hatoki, pamoja na Eastleigh kule Nairobi. Idi ilitukuta humo humo.

Mtaa ulipofungwa, kabla ya Idi, ndipo nilipotoa. Nilibakisha beli moja, nikayashusha matatu na gunia la mchele mpaka uani, ambapo kina mama wa nyumba yetu na nyumba mbili za jirani walikuwa wameanza kupika futari pamoja. Kila mmoja alileta alicho nacho: huyu tende, huyu mihogo, huyu nazi tatu. Nilikumbuka Waashari, wale watu wa Yemen, ambao wakipungukiwa na chakula walikikusanya chote katika nguo moja wakagawana sawasawa kwa chombo kimoja, na Mtume akasema kwamba wao ni wake naye ni wao. Darasani nilikuwa nikiieleza hadithi hiyo kama habari ya ukarimu. Sasa naiona tofauti. Katika nguo ile hapakuwa tena na wa kushukuru wala wa kushukuriwa.

Uani kwetu mimi nilishukuriwa. Waliniombea dua, wakasema Mwenyezi Mungu aipokee sadaka yangu, nami nikaitika amina. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko ile Jumatatu. Wanazuoni wamesema kiongozi ana haki ya kumlazimisha mwenye kuhodhi atoe alichoficha akiuze kwa bei ya kawaida. Aliyerudisha kwa kulazimishwa haitwi mkarimu, na mimi nililazimishwa na dhamiri, wiki saba nikiwa nimechelewa. Sadaka ni kutoa kilicho chako.

Mwaka uliofuata, darasa liliporudi na tukafika tena kwenye mlango ule, nilisimulia kisa hiki bila kujificha. Lakini kabla ya darasa nilishuka kwa jirani yangu, maana haikufaa watu wengine wasikie kabla yake. Nilimkuta akikanda unga. Nikamweleza yote, tangu mzigo wa Jumatatu, na mtoto wake kwenye ngazi, na mlango ambao sikuufungua. Nikamwomba anisamehe.

Aliendelea kukanda kidogo, kisha akapangusa mikono.

“Mwalimu,” aliniambia, “nilijua tangu siku ile. Aliyekupandishia mzigo ni baba watoto. Alilipwa shilingi 200, ndizo tulizomtuma nazo mtoto.”

Nikamuuliza kwa nini hakubisha hodi.

“Nilingoja,” akasema.