Chipu Iliyogoma Kuandikwa

Tarehe 19 Oktoba 2017 kampuni ya Canonical ilitoa Ubuntu 17.10, toleo jipya la mfumo wake wa Linux. Toleo hilo lilisubiriwa kwa hamu, kwa kuwa ndilo lililoachana na sura ya Unity na kurejea GNOME, na wenye kompyuta mpakato za Lenovo walikuwa miongoni mwa waliolipakua mapema. Lenovo zina sifa njema kwa watu wanaofanya kazi kwa Linux. Mashine ziliwaka, Wi-Fi ikashika, skrini ikakaa sawa. Kwa kipimo ambacho wengi wetu tunakitumia, usakinishaji ulikuwa umefaulu.

Hitilafu ilikuwa imejificha mahali ambapo mtumiaji haingii kila siku. Mtu aliingia kwenye BIOS, akabadili jambo dogo kama mpangilio wa kuwasha, akahifadhi na kutoka. Mashine ikawaka upya, na alipochungulia tena akakuta kila kitu kiko kama zamani. Akabadili tena, matokeo yakawa yaleyale. Akachomeka flashi ili awashe mfumo mwingine, mashine ikaipita kama haipo. Malalamiko ya namna moja yakaanza kulundikana, na orodha ya mashine ikarefuka: nyingi za Lenovo, baadhi za Acer na Toshiba. Siku chache kabla ya Krismasi, Canonical iliondoa faili la usakinishaji kwenye ukurasa wake wa kupakua.

Chanzo kilikuwa draiva moja ndani ya kerneli (kiini cha Linux) 4.13, iitwayo intel-spi. Kazi yake ni kuzungumza na chipu ndogo iliyoko kwenye bodi ya mashine, ambamo BIOS yenyewe inakaa. Ni draiva yenye manufaa kwa anayetaka kusasisha BIOS akiwa ndani ya Linux. Lakini maelezo yaliyoambatana nayo tangu mwanzo yalionya kwamba asiyejua anachofanya aiache imezimwa, kwa sababu kuandika juu ya chipu hiyo kunaweza kuifanya mashine isiwake tena. Katika Ubuntu 17.10 iliachwa wazi kwa kila mtu. Ilipogusa chipu za baadhi ya mashine, chipu hizo zilibaki katika hali ya kusomeka tu. BIOS ikawa inajiona imehifadhi mabadiliko, kumbe hakuna herufi iliyoandikwa.

Hapa ndipo penye funzo la kwanza, nalo ninalitilia mkazo kwa sababu mazoea yetu yanakwenda kinyume chake. Mashine ikisumbua, ushauri unaotolewa upesi kwenye vibanda vya mafundi ni kufomati: futa diski, piga Windows upya, anza moja. Mara nyingi ushauri huo unafaa, maana mara nyingi ugonjwa uko kwenye diski. Safari hii haukuwa huko. Tiba iliyopatikana kwa mashine nyingi ilikuwa kusakinisha kerneli mpya zaidi, isiyo na kasoro hiyo, na kuwasha mashine kwa kerneli hiyo ili chipu ifunguliwe. Maana yake ni kwamba Ubuntu iliyokuwa bado inawaka kutoka kwenye diski ndiyo iliyokuwa njia rahisi ya kutokea. Aliyekimbilia kuifuta diski aliiziba njia hiyo kwa mkono wake, kwani flashi ilikuwa haikubaliwi tena. Kilichobaki kwake ni fundi wa bodi: kufungua mashine, kuishika chipu kwa klipu na kuiandika upya kwa kifaa maalumu, au kubadilisha bodi nzima.

Canonical ilitoa faili jipya, 17.10.1, tarehe 12 Januari 2018, draiva ile ikiwa imezimwa.

Kisa hiki hakikuwa cha kwanza cha aina yake. Mwaka 2003, waliosakinisha Mandrake Linux 9.2 kwenye mashine zenye visoma-CD vya LG walikuta visomaji hivyo vimekufa. Kerneli ilituma amri ya kawaida ya kumwaga data iliyosubiri kuandikwa. Watengenezaji wa visomaji walikuwa wameitumia amri hiyohiyo kuwa ishara ya kupokea programu dhibiti (firmware) mpya. Kifaa kilipoipokea, kikajiandaa kuandikwa upya, kisipate kitu cha kuandikwa. Kisha ikaja zamu ya kompyuta mpakato za Samsung, ambazo mwanzoni mwa 2013 zilijulikana kwa kufa kabisa baada ya kuwashwa kwa Linux. Lawama zote ziliiangukia Linux, hadi Matthew Garrett, mtaalamu wa kerneli, alipoonyesha kwamba hata programu ndogo iliyoendeshwa ndani ya Windows ingeweza kuleta kifo kilekile: ilitosha kujaza data kupita kiasi katika hifadhi ndogo ya UEFI, mrithi wa BIOS, na programu dhibiti ya mashine ikashindwa kuwaka.

Naona ni haki kusema hivyo waziwazi, maana tabia ya kusema "Linux imeua mashine" imewanyima watu wengi mfumo mzuri. Katika visa vya LG na Samsung, kosa la msingi lilikuwa la waliotengeneza kifaa. Katika kisa cha 2017, walioandaa toleo ndio walioacha wazi kitu kilichopaswa kufungwa. Lakini mwenye mashine ya kazi, mwenye mahesabu ya duka au tasnifu iliyobakiza sura moja, hasaidiwi na kujua nani alaumiwe. Yeye anahitaji kujua kwamba ndani ya mashine yake kuna kumbukumbu nyingine mbali na diski, kwamba nakala rudufu ya mafaili haiigusi kumbukumbu hiyo, na kwamba mfumo mpya unaweza kuifikia.

Ninayaandika haya kwa sababu ya mwezi Oktoba mwingine. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Windows 11 inadai moduli ya usalama ya TPM 2.0 na kichakataji kilichomo kwenye orodha yake, ambayo kwa Intel kwa kiasi kikubwa inaanzia kizazi cha nane. ThinkPad T470 ya Lenovo, EliteBook 840 G3 ya HP, Latitude 7480 ya Dell: mashine hizi za maofisini, imara, zinazotoka Ulaya na Marekani zikiwa zimetumika na kupangwa kwenye maduka ya Kariakoo na ya katikati ya Nairobi, zimeachwa nje ya mlango huo. Nyingi bado zina miaka ya kazi mbele yake, na Linux ndiyo inayozipa miaka hiyo. Nafurahi kila ninapoona mtu akilichagua hilo. Ndiyo maana napenda achague kwa mpango.

Toleo analochagua mtu ni jambo zito kuliko sura ya dirisha. Ubuntu 17.10 ilikuwa toleo la miezi tisa, la kuonja mambo mapya. Wakati huohuo ilikuwepo 16.04, toleo la muda mrefu lenye msaada wa miaka mitano, lililotoka na kerneli 4.4, na draiva iliyoleta maafa haikuwemo kabisa. Aliyebaki na kerneli hiyo hakuona lolote. Kuwasha kwa flashi bila kusakinisha ni njia nzuri ya kupima, lakini katika kisa hiki haikuwa ngao, kwa sababu draiva hupakiwa mfumo unapowaka, diski iguswe au isiguswe. Kwa mashine ya kazi, basi, toleo la muda mrefu, na tena baada ya wengine kulitumia kwa miezi kadhaa.

Ukiwa dukani, kabla fedha haijatoka mfukoni, ingia kwanza kwenye BIOS: F1 kwa ThinkPad, F10 kwa HP, F2 kwa Dell. Ikidai nywila ambayo muuzaji haijui, iache. Mashine hizo zilikuwa mali ya makampuni, na bila nywila hiyo hutaweza kubadili mpangilio wa Secure Boot wala wa diski. Ikifunguka, badili kitu kidogo, hifadhi, washa upya, uone kama kimebaki. Dakika mbili hizo zinakuonyesha kama chipu inaandikika. Kisha washa kwa flashi, fungua terminali na uandike lspci -nnk. Amri hiyo hutaja kila kifaa kilichounganishwa kwenye bodi kupitia PCI pamoja na draiva inayokishughulikia. Tazama mstari wa Wi-Fi. Kadi za Intel kwa kawaida hazina shida. Za Broadcom mara nyingi hudai programu ya ziada inayopakuliwa, na utaipakuaje kama Wi-Fi yenyewe ndiyo mgonjwa? Ukiwa na simu na waya wa USB, washa ushirikishaji wa intaneti kwa waya. Linux huitambua simu bila maandalizi. Kisoma alama za vidole usikitegemee. Kwenye mashine nyingi za ofisini hakina draiva rasmi hadi leo, na hilo halizuii kazi.

Jambo linalokatisha watu tamaa zaidi ni diski kutoonekana wakati wa kusakinisha. Diski ni nzima. Kiwandani mashine ilipangwa kwa RAID ya Intel, na kisakinishi kinataka AHCI. Kubadili ni mguso mmoja ndani ya BIOS, na mguso huohuo unaweza kuifanya Windows iliyomo igome kuwaka, au BitLocker idai ufunguo wa urejeshaji ambao mwenyewe hajawahi kuuona. Ufunguo huo uandikwe pembeni kwanza, Windows iandaliwe kuwaka katika hali salama, ndipo mpangilio ubadilishwe.

Usingizi wa mashine nao unahitaji jaribio lake: funga kifuniko jioni, fungua asubuhi, tazama betri. ThinkPad X1 Carbon ya kizazi cha sita, ya 2018, ilitoka kiwandani bila ile hali ya kulala kwa kina iliyozoeleka, na watumiaji wa Linux wakakuta betri ikiisha ndani ya begi. Kerneli isingeweza kuyamaliza hayo peke yake. Watu walilalamika kwa utaratibu, na mwaka huohuo Lenovo ikatoa sasisho la BIOS lenye chaguo jipya la usingizi lililoandikwa Linux. Sasisho za namna hiyo siku hizi hupatikana ndani ya Linux kupitia fwupd, mradi ulioanzishwa na Richard Hughes wa Red Hat, ambapo watengenezaji wenyewe huweka programu dhibiti za mashine zao. Ziwekwe chaja ikiwa imechomekwa na umeme ukiwa wa uhakika, kwa sababu wakati huo ndipo chipu ya BIOS inapoandikwa kwelikweli. Siku ya mgao wa umeme, na betri iliyochoka, subiri.

Na diski yenye Windows usiifute mapema. Kwenye T470 kubadilisha diski ni kazi ya bisibisi. Nunua SSD nyingine, sakinisha Linux humo, na ile ya zamani uiweke kando kama ilivyo mpaka printa, projekta ya ofisini na programu ya mahesabu zote zimepita mikononi mwako angalau mara moja.