Msimamizi wa Mirathi

Kaa, mwanangu. Tangu utoke mahakamani na ile barua ya uteuzi unatembea kama mwenye mji. Haya nimeshawaambia baba zako wadogo babu yenu alipofariki. Wakaitikia "ndiyo, kaka," wakaenda kuuza shamba. Nimechoka, lakini nitarudia.

Sisi ukoo tulikupendekeza tu. Ule muhtasari wa kikao tulioutia sahihi ulikuwa maombi. Aliyekuteua ni hakimu wa Mahakama ya Mwanzo, na kwake ndiko utakakojibu. Amekuteua uwe msimamizi wa mirathi. Mrithi hapati chake kwa barua ya hakimu, hukipata kwa kuwa mtoto wa marehemu, au mjane wake, au mzazi wake. Wewe una yote mawili, usimamizi na urithi, na hapo ndipo unapojichanganya. Kwa urithi una fungu lako. Kwa usimamizi una kazi: kukusanya mali, kulipa madeni ya marehemu, kisha kugawa. Hata hati ya nyumba ikihamishiwa jina lako kwa barua hiyo, itaandikwa kwamba unaishika kama msimamizi.

Kwa hiyo kodi za vile vyumba vya uani si zako. Ziandike. Ndani ya miezi minne tangu uteuzi, mahakama inataka Fomu Namba 5, yenye mali na madeni yote, na baadaye Namba 6, yenye hesabu. Ukikaa kimya, dada zako wana haki ya kwenda kulalamika, na hakimu anaweza kuufuta uteuzi wako. Sitakutetea.

Mama yako mdogo usimguse. Thumni ya mjane haisubiri hisani yako.

Ile karatasi ya shangazi yako nayo imenichosha. Anasema ni wosia, marehemu kamwachia mwanawe wa kwanza nyumba nzima. Mwanawe wa kwanza ni wewe, basi umefurahi! Sisi ni Waislamu: wosia hauvuki theluthi, na mrithi hausiwi mpaka warithi wenzake waridhie. Umewauliza dada zako? Na kama marehemu angemtaja mtu wa kuutimiza, huyo angeitwa mtekelezaji wa wosia, naye angepata nguvu kwa maneno ya marehemu mwenyewe. Humo hakutajwa mtu.

Leta daftari la wapangaji. Tuanzie mwezi aliofariki baba yako.