PICHA YA KILA SIKU NA STARA YA NYUMBA



Usiku wa Ijumaa mmoja, baada ya darsa, tuliletewa suala ambalo kwa dhahiri yake ni dogo na kwa hakika yake ni kubwa. Kijana mmoja katika jamaa zetu wa darsa, mwenye mke na watoto wawili, ana desturi ya kupiga kwa simu yake picha moja kila siku ya mambo ya nyumbani kwake. Si harusi wala si Idi peke yake. Hupiga mtoto aliyelala mkekani na juzuu kifuani, mama yake mzee akichambua mchele, viatu vya wageni mlangoni, mkewe akisukuma chapati. Ameishika desturi hiyo kwa miaka mitano wala siku haikumpita, na picha zake zimezidi 1,800. Alituuliza: "Je, jambo hili lafaa katika dini yetu, au nami ni katika wale wenye kutengeneza sura walioahidiwa adhabu?"

Wazee wawili waliokuwapo walimjibu kabla yetu. Mmoja alisema picha zote ni haramu, hapana haja ya maneno mengi. Wa pili akamwambia mwenziwe, "Na hiyo pasi yako ya Hija, sura iliyomo ni ya nani?" Watu wakacheka, na suala likapotelea katika kicheko. Sisi tuliona si haki kumrudisha mwenye kuuliza na kicheko, na kwa hivyo twaandika haya.

Tuanze na hukumu ya picha yenyewe, kwani asiyeweka msingi hawezi kujenga ukuta. Zimekuja Hadithi sahihi zenye makemeo makali juu ya wenye kutengeneza sura, wala haimpasi Mwislamu kuzifanyia mzaha. Lakini walioambiwa maneno hayo walijua sanamu za kuchongwa na sura za kuchorwa kwa mkono. Picha ya kamera haikuwako, kwani ilitangazwa Ufaransa katika mwaka wa 1839. Ilipowafikia wanavyuoni, walikhitalifiana. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyeshika cheo cha Mufti wa Misri tangu mwaka wa 1914, aliandika risala akieleza kwamba mwenye kupiga picha haumbi wala haigi kuumba, bali huzuia tu kivuli cha kitu ambacho Mwenyezi Mungu amekwisha kukiumba. Wengine, na wamo wanavyuoni wakubwa, waliikataa ila kwa dharura. Sisi twaona kauli ya Sheikh Bakhit ina nguvu zaidi, wala hatumtukani mwenye kushika ile nyingine. Tena tusisahau kwamba yapata miaka elfu moja iliyopita Mwislamu, Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra na kufia Cairo, alichunguza jinsi mwanga wa jua lililopatwa upitavyo katika tundu dogo ukaleta sura yake upande wa pili. Basi asili ya chombo hiki si ngeni kwetu kama tudhanivyo.

Hapa ndipo watu wetu wengi wanapokosea. Wakishasikia kwamba kitu si haramu, hukunja jamvi wakaenda zao, kana kwamba hapana tena la kuuliza. Lakini kusema ni halali, na kusengenya nako ni kusema. Mwenye akili haulizi chombo peke yake. Huuliza pia chafanya nini, na kinamfanyia nani.

Tulimwuliza kijana wetu sababu ya desturi yake. Alisema kwamba baba yake alikuwa baharia, akafariki yeye akiwa mdogo, na sura ya pekee aliyomwachia ni ile ndogo iliyobandikwa katika cheti cha kazi. Hajui baba yake alikaaje barazani, wala alinywa kahawa kwa mkono gani. Akaapa kwamba wanawe hawatakuwa kama yeye.

Nia hii hatuwezi kuilaumu. Mwenyezi Mungu ametuamrisha mahali pengi katika Qur'ani tuzikumbuke neema zake, na neema zilizo nyingi zaidi ndizo tusizoziona, kwa sababu ni za kila siku. Mtu huikumbuka siku ya harusi yake, na husahau asubuhi elfu mbili alizopewa chai na mkono ule ule. Na Sayyidna Umar, radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie, aliwausia watu wajihisabu nafsi zao kabla hawajahisabiwa. Mtu asimamaye mara moja kwa siku akaitazama nyumba yake kwa makini, huenda akaona uso wa mkewe umechoka, au mtoto hana viatu, mambo ambayo asingeyaona. Kutazama huko ni kheri, kama kutamfikisha kwenye shukrani na wajibu wake.

Hata wasiokuwa wa dini yetu wamo waliofanya hivyo. Katika mji wa New York alikuwako mtu aitwaye Jamie Livingston. Tarehe 31 Machi 1979 alianza kupiga picha moja kila siku kwa kamera ya Polaroid, ile itoayo karatasi yake papo hapo. Alipiga marafiki, vyakula na mambo ya kawaida, akaendelea zaidi ya miaka 18, hata alipougua saratani, mpaka alipofariki tarehe 25 Oktoba 1997, siku aliyotimiza miaka 41. Zilibaki picha zaidi ya 6,000. Katika mwaka wa 2007 marafiki zake walizitundika na kuwaonyesha watu, na walimwengu wakaziona. Katika khabari hii mna mazingatio mawili. La kwanza, kwamba siku za mwanadamu ni za kuhisabika, na mwenye kuzipanga picha zake safu kwa safu huuona umri wake wote kwa mtazamo mmoja. La pili, kwamba mpigaji hufa na picha ikabaki, na atakayeishika baadaye si yeye.

Tulidhani suala limekwisha. Lakini watu walipotawanyika, kijana wetu alibaki, akatueleza sehemu ambayo hakuisema mbele ya watu. Picha zake huwapelekea jamaa zake waliotawanyika, wengine wako Nairobi na wengine Maskati, katika kundi lao la WhatsApp. Jamaa mmoja akaipenda ile ya chapati, ambayo ndani yake mke yu kichwa wazi na mikono imekunjuliwa nguo, akaitoa katika kundi na kuiweka mahali ambapo kila mtu huona. Ilikaa siku mbili kabla ya kuondolewa. "Mke wangu hakugomba," alisema. "Lakini tangu siku hiyo akiingia jikoni hujitanda mtandio, na akisikia nyayo zangu hunyamaza."

Enyi ndugu, maneno haya ni mazito kuliko suala la kwanza. Mwanamke huyu hakutoka nyumbani. Ni njia kuu iliyoingizwa nyumbani mwake, na aliyeiingiza ni mumewe, kwa mapenzi.

Katika Bukhari na Muslim imepokewa kwamba mtu mmoja alichungulia kwa tundu la mlango wa Mtume, sala na salamu zimshukie, naye Mtume alikuwa na chanuo la chuma akijikuna kichwa. Alikasirika sana, akaeleza kwamba kubisha hodi kumewekwa kwa sababu ya jicho. Tufikiri: mtu yule hakuiba kitu wala hakusikia siri. Aliona tu mtu akijikuna kichwa, jambo la kila siku lisilo na aibu yoyote. Hata hivyo haki ya mwenye nyumba ilivunjwa. Basi asituambie mtu, "Picha yangu haina kibaya ndani yake." Stara haikuwekwa kwa ajili ya mabaya peke yake, imewekwa ili mtu apate mahali pa kuwa bila ya kutazamwa.

Wazee wetu walilifahamu hili wakalijenga kwa mawe. Tazameni majumba ya kale ya Lamu: mgeni hupokewa dakani, na njia ya kuingilia imepindwa ili mpita njia, hata mlango ukiwa wazi, asione ndani. Wala si kwamba wazee wetu hawakuzijua picha. Katika Mombasa wako mama zetu waliokwenda studio, kama ile ya N. V. Parekh iliyokuwapo tangu miaka ya 1940, wakapigwa wamependeza. Lakini picha ilitiwa katika albamu, albamu ikatiwa kabatini, na mwenye kuifungua alijua anamfungulia nani. Siku hizi kabati haina mlango.

Mtu atasema, "Mimi ni mwenye nyumba, na hawa ni mke wangu na wanangu." Twamjibu kwamba mchunga si mwenye mali, yeye ni mwenye kuaminiwa, naye ataulizwa. Katika Surat an-Nur Mwenyezi Mungu amewaamrisha hata watoto wasiobaleghe wabishe hodi katika nyakati tatu, kabla ya sala ya Alfajiri, wakati wa kupumzika adhuhuri, na baada ya Isha. Ikiwa mtoto wa nyumba ile ile, ambaye jicho lake halimdhuru mtu, ametakiwa aombe idhini, itakuwaje kwa jicho ambalo nyuma yake mna macho ya watu mia? Na katika Sura hiyo hiyo imeamrishwa kwamba mwenye kuambiwa rudi, arudi. Kuambiwa hapana ni sehemu ya idhini. Asiyekubali hapana hakuomba, amearifu tu.

Ama mtoto mdogo, yeye hawezi kusema ndiyo wala hapana, na baba ni mwekaji wa haki yake mpaka akue. Sheria ya nchi yetu ya kulinda habari za watu, ya mwaka wa 2019, nayo imetaka idhini ya mzazi katika habari za mtoto, tena kwa maslahi ya mtoto mwenyewe. Basi mzazi na ajiulize: mwanangu akifika miaka ishirini, ataniambia ahsante kwa picha hii, au atainamisha kichwa?

Nasi tusijifanye watu wasiojaribiwa. Mama yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakupenda kupigwa picha maisha yake yote. Katika maradhi yake ya mwisho mjukuu mmoja alimwelekezea simu, naye akajifunika uso kwa leso. Alipofariki tuliletewa picha hiyo. Uso haukuonekana, lakini mkono uliokuwa umeishika leso ulikuwa ni wake, na vidole ni vyake. Twakiri kwamba tuliitazama zaidi ya mara moja, na nafsi ilituambia kwamba uso haumo, basi hapana neno. Kisha tukakumbuka kwamba leso ile ilikuwa ndiyo jawabu lake, tukaifuta. Hatukuona raha baada yake, na hata leo hatuoni. Lakini haki ya mtu haifi kwa kuwa sisi tumemtamani.

Basi jawabu letu kwa ndugu yetu ni hili. Kwanza, desturi yako yafaa, ikiwa nia ni shukrani na kumbukumbu, si kujionyesha. Pili, uombe idhini ya anayepigwa kila mara, kwani idhini ya jana si ya leo, na akikataa iwe kama mlango uliofungwa. Tatu, kupiga ni idhini moja na kupeleka ni nyingine. Yaliyo ya ndani yabaki ndani, na jamaa apelekewe kile ambacho wote waliomo wameridhia. Nne, uandike katika wasia wako nani atazishika picha hizo na zipi zifutwe, ili warithi wasirithi aibu. Na tano, siku moja moja uiache simu, uitazame nyumba yako kwa macho uliyopewa.

Ndugu yetu alikwenda akakaa na mkewe, wakazipitia picha zote kwa muda wa siku kadhaa. Nyingi mkewe alizipenda, na nyingine alizikataa, na katika alizozikataa imo ile ya chapati, ambayo mumewe asema ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote. Ameifuta. Mtandio haujatoka bado jikoni. Haya tumeyaandika kwa idhini ya wote wawili, na majina tumeyaacha.

Asihuzunike kwa kilichofutwa. Wako Malaika watukufu wenye kuandika, na hapana asubuhi hata moja, wala kikombe kimoja cha chai kilichotolewa kwa wema, kilichopotea mbele ya Mola wetu. Sisi hatukutakiwa tuhifadhi kila kitu. Tumetakiwa tuhifadhi amana.

Mwenyezi Mungu azisitiri nyumba zetu, awarehemu wazazi wetu, na atujaalie katika wenye kushukuru kabla neema haijaondoka. Amin.